Kuuza magazini za bunduki jimboni Washington bila kuvunja sheria: mwongozo kamili wa muuza duka

Jumamosi moja aliingia dukani mzee wa Kikongo, mkazi wa Kent, na Glock 17 yake ndani ya sanduku la plastiki, pamoja na magazini tatu za risasi 17 kila moja. Aliongozana na mwenzake wa kazini ambaye walishakubaliana bei. Jimboni Washington, tangu wapigakura walipopitisha pendekezo namba 594 mwaka 2014, watu hawauziani bunduki wao kwa wao, sharti wapitie kwa muuzaji mwenye leseni. Ndiyo maana walikuja kwetu.

"Baba," nilimwambia, "bastola tunaweza kuianzia makaratasi leo. Magazini hizi utarudi nazo nyumbani."

"Zangu hizi, mwanangu. Nilinunua 2019, risiti ninayo."

"Ni zako, na hakuna atakayekunyang'anya. Ila huruhusiwi kumpa yeye, wala mimi siruhusiwi kumkabidhi."

Mzee alikasirika, na nilimwelewa. Kitu ni halali kikiwa kwenye droo yako, halafu kinageuka kosa kikivuka kaunta. Lakini hapo ndipo ilipo sheria yote ya jimbo hili kuhusu magazini: haimuulizi mtu anamiliki nini, inauliza nani ametoa, nani ameuza, nani ameingiza kutoka nje ya jimbo. Mzigo wake unamwangukia muuzaji. Mwongozo huu ni kwa mwenye duka, mfanyakazi wa kaunta, mwenye duka la rehani linalopokea bunduki, na mtu anayeuza vifaa vya bunduki mtandaoni akiwa jimbo lingine huku wateja wake wakiwa Seattle au Spokane. Mimi si wakili. Nimefanya kazi kaunta, na nitakueleza tunavyofanya na kwa nini.

Kwa asiyelizoea neno lenyewe: magazini ni kile kisanduku chenye springi ndani kinachobeba risasi na kuzisukuma kuingia chemba. Nyingi huchomolewa na kuchomekwa, nyingine zimejengwa ndani ya bunduki yenyewe.

Jua ni sheria ya jimbo gani iliyokushika

Hakuna kikomo cha taifa. Kiliwahi kuwepo: tangu tarehe 13 Septemba 1994 hadi 13 Septemba 2004 sheria ya shirikisho ilizuia magazini mpya zinazozidi risasi 10, lakini zilizotengenezwa kabla ya hapo ziliendelea kuuzwa. Muda wake ulipokwisha Bunge la Washington DC halikuihuisha, na kila jimbo likashika njia yake. Nalitaja hili kwa sababu wapo wateja wa umri mkubwa wanaokumbuka enzi hizo na watakuambia, "Hii ni ya zamani, inaruhusiwa." Jimboni Washington umri wa magazini haukusaidii kuiuza.

Kikomo cha 10 kipo pia California, New York, New Jersey, Connecticut, Massachusetts, Maryland na Rhode Island. Colorado kikomo ni 15, Delaware 17. Illinois na Vermont zinatofautisha: 10 kwa bunduki ndefu na 15 kwa bastola. Hawaii inahesabu 10 kwa magazini zinazoingia kwenye bastola. Majimbo mengine, kama New Jersey na Rhode Island, yamekwenda mbali zaidi na kukataza hata kumiliki. Kwa hiyo usichukue kanuni ya jimbo moja ukaipeleka jingine kwa sababu tu namba inafanana.

Kama unauza kwa posta, sheria inayokuhusu si ya mahali duka lako lilipo peke yake. Ni pia ya mahali kifurushi kinapotua. Sheria ya Washington imelitamka hilo waziwazi: kusambaza ni kumpa, kumpelekea au kumwezesha kupata mtu yeyote aliye ndani ya jimbo, kwa malipo au bure, awe msambazaji yuko ndani au nje ya jimbo, na kujaza oda iliyowekwa mtandaoni kumo humo. Muuzaji wa Texas anayetuma kifurushi Tacoma hawezi kusema sheria hii haimhusu.

Washington kwa undani

Gavana Jay Inslee alitia saini mswada namba 5078 tarehe 23 Machi 2022, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Vitendo vilivyokatazwa ni hivi: kutengeneza, kuingiza jimboni, kusambaza, kuuza, na kutangaza kwamba unauza. Hicho cha mwisho watu hukisahau. Ukiweka magazini ya risasi 30 kwenye kioo cha dukani na kibandiko cha bei, umeshavunja sheria kabla mteja hajaingia.

Kumiliki hakumo katika orodha hiyo. Aliyekuwa nazo kabla ya Julai 2022 anaendelea kuwa nazo. Anaweza hata kuvuka nazo kwenda Idaho kulenga shabaha na kurudi nazo, mradi ni zilezile alizotoka nazo. Lakini akinunua mpya huko Coeur d'Alene akarudi nayo Spokane, mwendo wa nusu saa tu, ameingiza, na hilo ni kosa. Mteja akikuuliza njia ya kwenda kununua ng'ambo, mpe jibu la sheria tu. Usimkonyeze. Mfanyakazi anayemwelekeza mteja "nenda pale jirani" anajiweka mwenyewe pabaya.

Adhabu ina pande mbili. Upande wa jinai, ni kosa la ngazi ya juu ya makosa madogo: kifungo kisichozidi siku 364 na faini isiyozidi dola 5,000. Upande wa pili ndio unaofilisi duka. Bunge la jimbo liliandika kwamba kuuza au kusambaza magazini hizi kunahesabiwa moja kwa moja kuwa ni kuvunja sheria ya jimbo ya kumlinda mlaji, na sheria hiyo inampa Mwanasheria Mkuu wa jimbo nguvu ya kukupeleka mahakama ya madai. Mwaka 2021 faini yake ilipandishwa hadi dola 7,500 kwa kila uvunjaji. Piga hesabu ya magazini mia moja. Mwishoni mwa 2022 wapelelezi wa ofisi hiyo waliingia madukani kama wateja wa kawaida na kununua, na Januari 2024 duka moja la mji wa Federal Way likakubali kulipa dola milioni 3.

Hesabu risasi, usisome lebo

Kipimo ni uwezo wa kupokea zaidi ya risasi 10. Kumi inaruhusiwa, kumi na moja hairuhusiwi. Hapa nakaa kidogo, maana makosa mengi ya kaunta huanzia katika kuhesabu.

Kwanza, vipuri. Tafsiri ya sheria inajumuisha seti ya kubadilishia, kipuri, au mchanganyiko wa vipuri ambavyo vikiunganishwa vinatoa magazini kubwa, kama vyote viko mikononi mwa mtu mmoja. Zile "seti za ukarabati", yaani magazini iliyofunguliwa na kuwekwa mfukoni vipande vipande, si njia ya kukwepa. Vivyo hivyo kitako kirefu cha magazini, kile kifuniko cha chini, kinachoongeza risasi mbili: ukikiweka rafuni jirani na magazini ya 10 inayoingiana nacho, umekusanya mwenyewe vipande vya magazini ya 12. Sisi tuliviondoa vyote.

Pili, risasi yenyewe. Bomba la shotigani linalobeba magamba 9 ya kawaida, yaani risasi zake, linaweza kubeba zaidi ya 10 ukitumia yale magamba mafupi. Magazini iliyoandikwa 10 kwa risasi nene huweza kumeza nyembamba zaidi ya hapo. Mfano unaojulikana ni ile ya risasi nene ya .458 SOCOM, ambayo mwili wake ni uleule wa magazini ya risasi 30 ya bunduki ya AR-15. Lebo inasema 10, chuma kinasema 30. Ukiwa na shaka, usiuze mpaka wakili wako aitazame.

Tatu, misamaha. Sheria imetaja mitatu tu katika tafsiri: magazini iliyobadilishwa kabisa isiweze kuzidi 10 tena; magazini ya bomba ya kaliba .22, na magazini ya bomba iliyo ndani ya bunduki ya mkono wa kukokota (lever-action), zile za mtindo wa Winchester. Soma neno "bomba" mara mbili. Bunduki ya Ruger 10/22 hutumia .22, na watu hudhani .22 yote imesamehewa. Magazini yake ya kawaida ya duara inachukua 10, hiyo haina tatizo. Ile ndefu ya BX-25 inachukua 25, si bomba, na haiuziki. Nimeona wafanyakazi wazoefu wakijikwaa hapo.

Kuhusu "iliyobadilishwa kabisa": kipande cha plastiki kinachochomoka kwa kutoa kitako si mabadiliko ya kudumu. Nunua zilizofanywa kuwa 10 na kiwanda chenyewe, na omba barua ya kiwanda inayosema hivyo. Usikubali kazi ya fundi wa mtaani mwenye gundi na ribiti, hata akiwa rafiki.

Safisha stoo

Fanya kazi hii siku duka limefungwa, watu wawili, mmoja akitaja na mwingine akiandika. Anzeni na rafu, kisha stoo, kisha kila sanduku la bunduki moja moja. Hayo masanduku ndiyo yenye mtego. Glock 19 kutoka kiwandani huja na magazini za 15, bunduki nyingi za AR-15 na ya 30, na baadhi ya bastola ndogo zinazofikiriwa ni "za 10" huja na mbili, moja ya 10 na moja ndefu zaidi chini ya povu. Fungua povu.

Zote zinazozidi 10 ziende kwenye kabati moja lenye kufuli, lililobandikwa karatasi ya "si za kuuzwa jimboni", ufunguo kwa mtu mmoja. Piga picha kabati likiwa wazi, na tarehe ionekane. Kisha ondoa bidhaa hizo kwenye programu ya mauzo, tovuti, katalogi, na matangazo ya zamani ya mitandao ya kijamii. Picha ya mwaka 2021 ya magazini ya 30 yenye bei bado ni tangazo kama ingali ukurasani.

Za kabatini zina njia chache za kutoka. Unaweza kuzirudisha kwa msambazaji wa nje ya jimbo. Unaweza kuziuza kwa jeshi au kwa idara ya polisi ya ndani ya jimbo kwa kazi yake ya ulinzi wa sheria. Na kuna njia iliyoandikwa kwa ajili ya wauzaji wenye leseni: kuipata magazini kutoka kwa mtu mwenye haki ya kuimiliki, kwa nia ya kumuuzia mtu asiye mkazi wa Washington. Njia hii ndiyo inayokuwezesha kumsaidia yule mzee wa Kent. Duka likizinunua kwake kisha likaziuza Idaho au Montana, ambako hakuna kikomo, kila mtu amebaki ndani ya sheria na mzee amepata pesa yake.

Polisi wana utaratibu wao. Msamaha ni wa idara. Askari akija na beji na kadi yake ya benki, bado si idara iliyonunua. Omba oda ya idara yenye kichwa cha barua, jina la msimamizi na idadi, na malipo yatoke kwa idara. Na vijana wetu wengi wa Kent, SeaTac na Tacoma wanafanya kazi ya ulinzi, wengine wakiwa na leseni ya mlinzi mwenye silaha. Leseni hiyo haimo katika msamaha. Waambieni kwa heshima, kwa sababu wengi wameambiwa vingine na wenzao.

Mizigo inayoingia

Hapa nitasema kosa langu. Mwezi wa pili tangu nianze kazi, mteja alinunua bastola mtandaoni kutoka jimbo lingine ije kwetu kwa ajili ya ukaguzi wa mnunuzi. Mzigo ulifika, nikausaini, nikafungua, ndani kuna magazini mbili za 17. Nikazitoa nikaziweka kando ili mteja "aje azichukue". Bosi alipoziona alikaa kimya kwanza, kisha akampigia wakili. Hatukushtakiwa, magazini zikarudishwa zilikotoka kwa maelekezo ya wakili, lakini siku ile nilijifunza kwamba kuingiza kunahesabiwa mzigo ukivuka mpaka, na kwamba aliyepokea ni mimi.

Tangu hapo tunafanya hivi. Kabla ya kutoa nakala ya leseni yetu kwa muuzaji wa nje, tunamtumia barua pepe fupi: "Washington, kikomo 10, toa magazini zote zinazozidi kabla ya kutuma, tujibu kwamba umeelewa." Asipojibu, leseni haitoki. Mzigo ukifika, watu wawili wanafungua chini ya kamera. Ikionekana magazini kubwa, haigusi kaunta wala haiingii mfukoni mwa mteja: inafungiwa, inaandikwa, na wakili anapigiwa siku hiyohiyo.

Mteja naye mwambie mapema. Akishalipia bastola "yenye magazini mbili" na kukuta sanduku tupu, atakufokea wewe wala si muuzaji wa mbali. Mshauri anunue magazini za 10 za bastola hiyo mapema, maana kwa aina nyingine huisha haraka.

Kwenye kaunta: rehani, matengenezo, uhamisho

Uhamisho wa mtu kwa mtu nimeshausimulia. Kanuni yetu: kabla karatasi yoyote haijaandikwa, mmiliki wa sasa achomoe magazini mwenyewe, zihesabiwe mbele yake, na zinazozidi 10 zibaki mikononi mwake. Tangu Januari 2024 kuna pia kusubiri siku 10 za kazi kabla ya kukabidhi bunduki, kwa hiyo magazini iliyosahaulika ndani ya sanduku italala kwako wiki mbili, kisha siku ya kukabidhi utampa mnunuzi bila kufikiri. Tunabandika karatasi nyekundu kwenye sanduku: "imekaguliwa", sahihi mbili.

Rehani, msimamo wangu ni mkali: pokea bunduki, usipokee magazini kubwa. Ukiishika kama dhamana, siku ya kuikomboa unampa mtu aliye ndani ya jimbo kitu ambacho sheria inakataza kutoa "kwa malipo au bure". Wakili mzuri anaweza kukutetea kwamba ni mali ya mtu inarudi kwake. Mimi sitaki kufika hapo kwa mkopo wa dola 20.

Fundi wa bunduki afanye vivyo hivyo. Mteja aache bunduki, aondoke na magazini. Kama tatizo liko kwenye magazini yenyewe, mfundishe kubadilisha springi akiwa amesimama hapo, isitoke mkononi mwake.

Zawadi na urithi huleta machozi. Mjomba anataka kumpa mpwa wake magazini za bunduki aliyomfundishia kulenga. Kumpa ni kusambaza. Kuhusu za marehemu, usitoe ushauri kaunta hata kama unadhani unajua jibu. Waelekeze kwa wakili wa mirathi kabla mtu yeyote hajazihamisha nyumba.

Mauzo ya mtandaoni

Zuia kwa anwani ya kupelekea, si kwa anwani ya kadi. Mteja mwenye kadi ya benki ya Boise anaweza kuomba mzigo uende Yakima. Programu nyingi za maduka ya mtandaoni zinakuwezesha kuipa kila bidhaa orodha ya majimbo yaliyofungwa. Ijaze kwa namba ya risasi, isiwe kwa jina la bidhaa, kwa sababu kiwanda kimoja hutumia jina lilelile kwa ya 10 na ya 15. Kisha jaribu mwenyewe: weka oda ya uongo kwa anwani ya Washington, uone kama inakataliwa kabla ya malipo.

Masanduku ya posta ya kukodi na makampuni ya kuhifadhi na kusafirisha mizigo yachunguzwe kwa mkono. Anwani ya Oregon iliyo mtaa mmoja na daraja la kuingia Vancouver ya Washington inastahili simu. Na Oregon yenyewe, ambako pendekezo namba 114 lililopitishwa na wapigakura mwaka 2022 limepigwa danadana mahakamani, isipelekewe chochote kabla hujasoma hali ya siku hiyohiyo.

Usitegemee tarehe ya risiti sheria mpya inapoanza. Oda iliyolipwa tarehe 30 Juni na kufika tarehe 3 Julai imefika baada ya mlango kufungwa. Kwa jimbo lolote linalotangaza tarehe ya kuanza, funga oda zako wiki mbili kabla, na zile ambazo hazijafika rudisha pesa.

Daftari

Bunduki ina namba ya serial, ina fomu ya shirikisho, ina ukaguzi wa mnunuzi. Magazini haina hata kimoja. Kwa sheria ya shirikisho si silaha, ni kipuri, na kile kitabu rasmi cha kuingiza na kutoa bunduki hakikuulizi habari zake. Wengi hufurahia urahisi huo. Mimi naona hatari yake: mpelelezi akiuliza magazini 40 ulizonunua 2021 zilikwenda wapi, hakuna karatasi ya serikali ya kukutetea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Anzisha daftari la pekee kwa zote zinazozidi 10. Andika tarehe, idadi, kiwanda, bunduki inayoingiana nayo, uwezo, imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, kwa msamaha gani. Kwa mnunuzi asiye mkazi ambatisha nakala ya leseni ya udereva na uthibitisho wa kusafirisha kama ni mzigo. Kwa idara ya polisi ambatisha oda. Kwa mkazi aliyekuuzia, andika kwamba aliapa kuwa alikuwa nayo kihalali, na atie sahihi. Hesabu kabati kila mwisho wa mwezi, na tofauti ya hata moja ielezwe kwa maandishi siku hiyo.

Habari za mahakama

Tarehe 8 Aprili 2024 jaji Gary Bashor wa kaunti ya Cowlitz alitamka kwamba sheria hii inapingana na katiba. Simu za duka letu hazikupumzika. Watu walikuwa wakiendesha gari kuelekea Kelso, ambako duka lililokuwa kwenye kesi lilianza kuuza papo hapo. Siku hiyohiyo kamishna wa Mahakama ya Juu ya jimbo akasimamisha uamuzi, na sheria ikarudi kazini. Tarehe 8 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba magazini kubwa si "silaha" kwa maana inayolindwa na katiba, na sheria ikasimama. California nayo ilikuwa na wiki kama hiyo mwishoni mwa Machi 2019, dirisha likafunguliwa na jaji, likafungwa baada ya wiki moja.

Una haki ya kuwa na maoni yako kuhusu uamuzi huo, na wateja wako wana yao, wengine makali. Duka liendeshwe kwa amri iliyosomwa. Kwetu hakuna bidhaa inayorudi rafuni kwa sababu ya habari ya redio au ujumbe wa WhatsApp. Inarudi wakili akishasoma amri yenyewe na kuandika barua pepe kwamba hakuna zuio la rufaa.

Kama wewe si raia

Sehemu hii naiandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu waliokuja kama wakimbizi, wanafunzi au wafanyakazi. Jimboni Washington mtu asiye raia akishika bunduki bila kuwa mkaazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani, au bila leseni maalumu ya silaha kwa wasio raia, anatenda kosa kubwa la jinai, zito kuliko lile la magazini. Mkimbizi ambaye kadi yake haijatoka yumo. Kwa mwenye viza ya muda, sheria ya shirikisho inamkataza kwa jumla, ukiacha misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Kabla hujakubali kazi ya duka la bunduki, hata ya kupanga rafu, peleka karatasi zako kwa wakili wa uhamiaji.

Ile namba 364 nayo ina habari yake. Zamani kifungo cha juu kwa kosa la ngazi hii kilikuwa mwaka mzima. Mwaka 2011 Bunge la jimbo huko Olympia likapunguza siku moja, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya shirikisho hukiangalia kifungo cha mwaka mmoja kwa jicho la kufukuza mtu nchini. Siku hiyo moja imewaokoa wengi, ila haikulindi dhidi ya kila kitu. Ukishtakiwa, usikiri kosa lolote kwa sababu umeambiwa "ni dogo, lipa faini uende". Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 2010 katika kesi ya Padilla, wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukueleza madhara ya uhamiaji. Muulize, na ajibu kwa maandishi.

Ukiletewa barua au wageni

Ofisi ya Mwanasheria Mkuu huanza kwa kudai nyaraka: risiti, ankara, barua pepe, orodha ya stoo. Siku barua hiyo inafika, usifute chochote, hata ujumbe wa simu wa mfanyakazi, maana kuharibu ushahidi ni kosa jingine juu ya lile unalotuhumiwa. Zuia programu zinazojifuta zenyewe. Mtu mmoja tu azungumze kwa niaba ya duka, na azungumze kupitia wakili. Wafanyakazi waambiwe wasikisie majibu. Kisha toa daftari lako la magazini na picha za kabati, ukianza na ile ya siku ya kwanza mliyohesabu.